Pai ya Jumamosi ya Marehemu

"Nimekuuliza swali moja tu, Rozalia. Nani kakwambia mwanangu amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Mdomo ulinitangulia."

"Mdomo wako haujawahi kwenda mahali bila kutumwa. Nani kautuma leo?"

Hivyo ndivyo nilivyowakuta, mmoja huku na mwingine kule, kati yao uzio wa mbao ambao haumfikii mtu kifuani. Nilikuwa natoka makaburini na kikapu changu kitupu, viatu vimejaa tope. Veturia alikuwa na unga hadi kwenye viwiko, na mkononi ameshika kisu cha kumenyea. Si kwamba angemchoma mtu, alisahau tu kukiweka chini. Rozalia naye alikuwa ameishika sahani ya pai ya matufaha kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa kichanga cha wenyewe na hajui amrudishe vipi. Karibu na miguu yake udongo ulikuwa umelowa. Nilijua mara moja umelowa kwa nini, maana kikombe cha divai kilikuwa bado kimesimama juu ya nguzo ya uzio.

"Silvica, umekuja wakati mzuri," Veturia akaniambia bila kunitazama. "Njoo usikie. Nimempa huyu pai, akamwaga divai chini, akasema Mungu amrehemu. Juu ya pai ya Dorin."

Nikaweka kikapu changu chini. 

Kwetu sadaka ya marehemu ina njia yake. Unapewa sahani mkononi, unamwaga tone la kinywaji ardhini kwa ajili ya aliyetangulia, na husemi asante. Asante ni ya mpishi, na chakula kile si cha mpishi tena. Unasema Mungu amrehemu, na hapo chakula kinamfika mwenyewe huko aliko. Ndiyo maana hatufanyi mchezo na maneno hayo. Ukiyasema juu ya chakula kilichopikwa kwa ajili ya mtu aliye hai, umeshamhesabu upande wa pili. Hata watoto wetu wanajua, wakipewa mkate na bibi yao huuliza kwanza, "Huu ni wa marehemu au ni wa kula?"

Na Dorin, mtoto wa pekee wa Veturia, hakuna aliyejua yuko upande gani. Mwanzoni mwa wiki gesi iliwaka kwenye mkondo wa chini kabisa wa mgodi wa makaa, ile njia ya mwisho wanakochimba. Vikombe vililia kabatini mwangu, kisha king'ora kikaanza, na wanawake wa mtaa mzima wakatoka kama walivyo, wengine na mapovu ya sabuni kichwani. Baadhi ya wanaume walipandishwa juu wameungua. Kundi la Dorin halikupanda. Tangu siku hiyo mkurugenzi wa mgodi alikuwa akija getini asubuhi na jioni, anasema juhudi zinaendelea, kisha anarudi ndani kwake kwenye joto. Familia zililala pale getini na mablanketi.

Veturia hakwenda getini. "Akitoka atatoka na njaa," aliniambia. "Wote tukikaa getini, nani yuko kwenye jiko?" Akaniweka mimi niwe miguu yake: naenda, nasikiliza, narudi namwambia. Yeye akaoka. Alikuwa na makreti ya matufaha barazani, yale mekundu yenye mabaka aliyoyaleta kutoka kwa dada yake huko bondeni, na kila zamu alioka trei moja ya pai, ile anayoipenda Dorin. Zamu ikiisha hajatoka, pai anaikata, anawagawia majirani, anaanza nyingine. Hakutaka mwanawe atoke chini ya ardhi akute kiporo.

Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya Marehemu ya majira ya kupukutika kwa majani, na mtaa mzima ulikuwa unagawa. Ngano iliyochemshwa, mikate, matufaha, divai, mshumaa juu. Kila uzio una mkono unaopokea na mkono unaotoa. Veturia peke yake hakuwasha mshumaa, hata wa mumewe, marehemu Axente, ambaye vumbi la makaa lilimmaliza mapafu na ambaye kila mwaka alikuwa hakosi kumwashia. "Mwaka huu atanisamehe," alisema. "Leo simtaji marehemu yeyote. Wasije wakadhani naita."

Sasa unaweza kuelewa ule udongo uliolowa ulikuwa kitu gani.

"Itazame sahani, dada," Rozalia akasema. "Ni mpya. Karatasi ya dukani bado imebandikwa chini. Tangu asubuhi kila nikifungua mlango mtu ananipa sahani mpya juu ya uzio, namwaga, nasema, napokea nyingine. Mkono ulishazoea. Na wewe ukaja na sahani mpya, Jumamosi ya Marehemu. Ningefikiria nini?"

Hapo alikuwa na haki yake, maana sadaka ya marehemu hutolewa na chombo chake, na chombo lazima kiwe kipya, hakirudi.

"Mpya ni kwa sababu za zamani zote mmezikalia," Veturia akajibu. "Wiki nzima mnakula pai yangu, sahani hakuna anayerudisha. Nigawe kwenye nini, kofia?"

Mzee Lajos alikuwa amekaa kwenye benchi lake chini ya dirisha, na birika lake dogo la chai yenye pombe. Mchimbaji mstaafu, Mhungari, kifua chake kinapiga mluzi akiwa amekaa tu. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kwangu ziko tatu," akasema alipopata pumzi. "Moja nimempa paka."

"Basi paka ana adabu kukuzidi, mzee. Yeye angerudisha, ila hajui kubisha hodi," Veturia akasema.

"Anajua. Hataki tu kuja kwako, anasema unapika siku nzima na humkaribishi mtu."

Wanawake waliokuwa wamesimama malangoni wakijifanya wanafagia wakaingia ndani mmoja mmoja, na kila mmoja akatoka na sahani. Nami nilikwenda kuchukua zangu mbili, moja ina ufa ambao naapa sikuuleta mimi. Tukazipanga juu ya ukingo wa uzio na juu ya mapipa. Zilikuwa nyingi. Za maua ya bluu, za mstari wa dhahabu, na ile ya Lajos yenye nywele za paka. Mtu mmoja akasema hata kwenye harusi ya binti yake hapakuwa na sahani kiasi hicho, wengine wakacheka, na kwa muda ugomvi ukawa ugomvi wetu wa kawaida, ule unaoisha kwa kahawa.

Veturia aliziangalia zote. Akasema, "Haya. Sahani ninazo. Swali langu bado liko palepale."

Kicheko kikakatika.

"Mumeo yuko wapi, Rozalia?"

"Kazini."

"Anafanya nini?"

"Dada, si unajua anachofanya? Ni mwokoaji. Anaokoa."

"Jana alikuja nyumbani. Nilisikia mlango wenu. Alikwambia nini?"

"Alikuja kulala."

"Nimekuuliza alikwambia nini."

Rozalia akaiweka ile sahani chini taratibu, juu ya gogo la kupasulia kuni, kana kwamba ingevunjika kwa kuangaliwa.  "Usiniulize, dada yangu. Nakuomba. Nitukane tu, ila usiniulize."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Pai ikabaki juu ya gogo, inatoa mvuke, hakuna mtu aliyeigusa.

*

Nilimfuata Veturia jikoni kwake. Si kwa kualikwa, lakini kwake sijawahi kualikwa na sijawahi kufukuzwa. Jiko la makaa lilikuwa linanguruma, madirisha yametoka jasho. Mezani kulikuwa na donge la unga chini ya kitambaa, na kando yake rundo la matufaha ambayo hayajamenywa.

"Kaa umenye," akaniambia.

Nikakaa nikamenya. Yeye akachukua kikwaruzo kikubwa akaanza kuyakwaruza matufaha yaliyokwisha kumenywa, kwa nguvu, juu chini, mpaka nikaogopea vidole vyake.

"Mbona unamenya nene hivyo? Utadhani unachuna ng'ombe."

"Kisu chako hakina makali."

"Kisu changu kina makali, wewe ndiye una haraka ya kuongea. Ongea basi."

 Asubuhi ile getini hapakuwa na habari. Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukipenda: malori mawili yaliyofunikwa turubai yaliingia, na walinzi hawakutaka tusogee tuone yamebeba nini. Sikumwambia. Nilijisemea nitamwambia baadaye, nikiwa na hakika.

Alichukua matufaha yaliyokwaruzwa kwa viganja, akayakamua, maji yakachuruzika kwenye kikombe cha bati. Maji yale huwa hayamwagi. Dorin akitoka zamu, kabla hajasema hata shikamoo, hukinywa kikombe kile chote kwa mkupuo mmoja kusafisha koo, kisha ndiyo anakuwa mtu. Kwenye rafu niliona vikombe vya siku zilizopita vimepangwa, vimefunikwa visahani, vimeanza kuchacha. Hakuvimwaga.

"Unakumbuka mwaka jana Rozalia alivyonifanyia kwa ajili ya kuku?" akasema ghafla.

Nani asingekumbuka. Kuku wa Veturia aliruka uzio akala miche ya kabichi ya Rozalia, na Rozalia alitukana kuanzia kuku huyo mpaka ukoo wa Veturia upande wa baba, wiki nzima, asubuhi na jioni, tena kwa mpangilio. Kuna watu waliokuwa wanafungua madirisha makusudi.

"Nakumbuka," nikasema. "Mzee Lajos alisema redio yake imepata mpinzani."

"Leo nimemtukana mbele ya watu. Nimemwita mdomo mchafu. Nimemwambia amemtakia mwanangu kifo. Yeye ananiita dada." Akaacha kukamua. "Silvica, Rozalia akionewa huwa anapiga kelele. Angekuwa amekosea tu, si saa hii mtaa mzima ungekuwa unamsikia?"

Nikaendelea kumenya. Ganda likakatika.

"Ananiita dada yangu," akasema tena, na akarudi kwenye kazi yake.

Alitandaza unga wa chini kwenye trei. Unga wake unakandwa na mafuta ya nguruwe na krimu iliyoganda, na kijiko cha pombe ya plamu ili uwe mwepesi. Akanyunyiza semolina ili inywe maji ya matunda, akamwaga matufaha, akayatandaza kwa mgongo wa uma, akatia sukari na mdalasini. Akafunika kwa unga wa juu, akauchoma-choma kwa uma pasipo mpango, yeye ambaye siku zote alichora safu zilizonyooka kama kwa rula. Akaitia kwenye oveni na kufunga kile kijilango cha chuma kwa goti.

"Wakijenga ukuta utaniambia," akasema akiwa amenipa mgongo.

"Hawajajenga, Veturia."

"Sijakuuliza kama wamejenga. Nimesema utaniambia."

Watu wa mtaa wetu hatuhitaji kufafanuliwa neno ukuta. Moto ukiwaka chini namna ile kuna njia mbili tu. Ama waokoaji wanapenya na vinyago vyao vya hewa wanawafikia watu, ama njia inazibwa ili moto ukose hewa ufe wenyewe. Wakiziba wameziba. Hakuna anayerudi kufungua, labda baada ya miaka, labda kamwe. Juu kule makaburini kuna misalaba yenye majina ambayo chini yake hakuna mtu, na kuna wanawake wanaopalilia majani kwenye makaburi hayo kila mwaka huku wakijua wanapalilia udongo mtupu. Maadamu ukuta haujajengwa, Dorin alikuwa na hewa. Veturia alikuwa ameshikilia hapo tu, na mimi nilikuwa nimeshikilia hapo pamoja naye, kwa mikono yangu yote miwili, na yale malori bado sijamwambia.

"Malori mawili yameingia leo asubuhi," nikasema. "Yamefunikwa."

Hakugeuka. Alisimama hivyohivyo akiangalia oveni. Harufu ya mdalasini ilianza kutoka, harufu nzuri, na nilijichukia kwa kuisikia kuwa nzuri.

*

Mbwa wa nyuma ndio waliotangulia kubweka. Gavrila, mume wa Rozalia, hakuja kwa barabara ya getini kama waume wote. Alikuja kwa kichochoro cha nyuma, kinachotokea kwenye uwanja wa magogo ya mgodi, njia anayopita mtu ambaye hataki kukutana na wanawake wenye mablanketi.

Tulimwona kupitia dirisha. Alikuwa na nguo za kazi. Hilo pekee lilitosha kutusimamisha, kwa sababu mchimbaji wa kwetu harudi nyumbani hajaoga. Bafu liko mgodini, anaacha nguo zake kwenye mnyororo, anakuja kwake amechana nywele. Na mtu anayetoka chini bila kuoga huwa mweusi. Gavrila alikuwa mweupe. Mikono, mikono ya shati, magoti, hata kope. Mweupe wa jasi, ule unga wa kuzibia njia unaokandwa na maji na kuganda kabla hujamaliza kuvuta sigara.

"Bahati njema, Gavrila," mzee Lajos akamsalimia toka kwenye benchi lake. Hiyo ndiyo salamu yetu kwa mtu anayetoka chini, na anayetoka chini huijibu vilevile, hata akiwa amelewa, hata akiwa amekasirika.

Gavrila hakujibu. Alivua kofia yake.

Lajos akamtazama kwa muda. Kisha akashika ukingo wa benchi, akajiinua, kitu ambacho kwake ni safari, na akavua ya kwake.

Veturia alikuwa ameshatoka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na malango yote ya mtaa yalikuwa yamefunguka, lakini hapakuwa na aliyejifanya anafagia. Rozalia alitokea mlangoni kwake na kubaki hapo. Veturia akasimama kwenye uzio, mikono yake myeupe kwa unga, mbele ya yule mwenye mikono myeupe.

"Hukuoga," akamwambia.

"Sikuoga, dada."

"Hiyo ni nini mikononi?"

Alijua ni nini. Alitaka aseme mwenyewe.

"Ni jasi."

"Ukuta wa wapi?"

"Wa mkondo wa chini. Pande zote mbili." Sauti yake ilikuwa kama imejaa mchanga. "Tumemaliza sasa hivi. Wataenda kutangaza jioni. Tuliapishwa tusiseme."

"Na mkeo ulimwambia jana."

"Jana tuliambiwa tujiandae. Nilimwambia kwa sababu nilishindwa kula."

Rozalia akafunika uso kwa aproni. Veturia hakumwangalia.

"Mligonga?" akauliza.

Chini kule kuna bomba la hewa linalopita mpaka kwenye mkondo wa mwisho. Mtu aliyenasa hugonga bomba kwa jiwe, na aliye upande wa pili humjibu. Ni lugha ambayo kila mke wa mchimbaji anaijua, kwa sababu waume huigonga kwa vidole mezani bila kujijua.

"Tuligonga."

"Wakajibu?"

"Hapana."

"Mlisubiri kiasi gani?"

"Injinia alisema gesi inapanda, tukiendelea kukaa italipuka mara ya pili na sisi tuko hapo. Wenzangu wakaanza kukanda jasi." Akaigeuza kofia yake mikononi. "Mimi nikagonga tena. Nikaweka sikio kwenye bomba. Lilikuwa la moto, dada. Liliniunguza." Akageuza kichwa, na kweli sikio lake la kushoto lilikuwa jekundu na limevimba, lina lengelenge.

"Ukasikia nini?"

"Nilisikia maji yanadondoka mahali. Basi."

"Usinifiche."

"Naapa kwa watoto wangu. Ningesikia hata kucha, ningewapiga kwa sepetu wote waliokuwa na jasi mikononi. Uliza wenzangu. Sikusikia kitu."

 Kwa mbali mashine ya kuvuta hewa ya mgodi ilikuwa inavuma kama siku zote, na nakumbuka nilijiuliza sasa ilikuwa inavuma kwa ajili ya nani.

"Tundu la mwisho," Veturia akasema. "Kuna tundu linaachwa ukutani, si ndiyo? Mpaka mwisho. Axente aliniambia. Nani aliliziba?"

"Gavrila, usijibu hilo," Rozalia akasema kutoka mlangoni. "Dada Veturia, muache. Yuko hoi, hebu muone. Nitukane mimi."

"Ameuliza," Gavrila akasema. Akaitazama mikono yake. "Mimi. Hakuna aliyetaka. Injinia alitaka tupige kura ya vijiti, nikaona ni aibu, hao walioko ndani tumekula nao. Nikaziba mimi."

Veturia aligeuka na kuingia ndani. Hakupiga kelele, hakuanguka, hakufanya lolote kati ya yale tuliyokuwa tumejiandaa nayo. Mlango ukafungwa. Tukasikia kijilango cha chuma cha oveni, kisha trei ikitua juu ya kitu kigumu, kisha tukasikia droo ikivutwa.

Rozalia alikuwa amefika uzioni. Akanishika mkono. "Anatafuta nini, Silvica?"

"Sijui."

"Kisu anacho kule ndani?"

"Kila mtu ana kisu jikoni kwake, acha ujinga," nikamwambia, lakini na mimi nilikuwa naangalia mlango.

"Nenda ndani ukaoge, Gavrila," mmoja wa wanawake akasema. Gavrila hakusogea. Alisimama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari, kofia mkononi, na jasi iliyokauka ikimdondoka vipande vipande kutoka kwenye shati kila alipovuta pumzi.

Veturia akatoka. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, cheusi. Alikuwa nacho kwenye droo tangu msiba wa Axente, bado kina mikunjo ya kukaa muda mrefu. Nilipokiona nikaanza kulia mimi wa kwanza, kabla yake, mjinga mimi. Wengine wakanifuata. Mzee Lajos akakaa chini polepole, akamwaga chai yake yote ardhini.

Veturia hakulia. Alikwenda mpaka kwenye kile kilango kidogo cha kati ya nyua mbili, kilichofungwa kwa waya tangu ugomvi wa kuku, na akaanza kuuzungusha ule waya. Ulikuwa umeshika kutu. Gavrila akanyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha.

"Pai imeiva," Veturia akasema, akiwa bado anahangaika na waya. "Ikipoa unga unalainika. Ulisema hujala tangu lini?"

"Dada, siwezi."

"Tangu lini?"

"Sikumbuki. Juzi."

"Mtu hawezi kukaa na tumbo tupu tangu juzi, afanye kazi kama hiyo."

"Mimi ndiye niliyeziba, dada Veturia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, sina uziwi." Waya ukakatika, kilango kikafunguka kwa kusaga. Akasimama katikati yake, akamtazama Gavrila kwenye lile sikio lililoungua, akalitazama kwa muda mrefu, kama anayetaka kujua kitu kilichopita humo. "Hakuna mtu aliyekuwa karibu na mwanangu kuliko wewe. Utakaa, utakula, halafu utaniambia pale palivyokuwa. Yote. Hata yale maji yalikuwa yanadondokea upande gani."

Akamshika Gavrila kwenye mkono wa shati, unga wake juu ya jasi yake, akamvuta kidogo kama mtu anavyomvuta mtoto mwenye haya mbele ya wageni.

"Na wewe, Rozalia, acha kusimama hapo, lete viti, vyangu havitoshi. Silvica, kata vipande vikubwa." Kisha kwa yule mwanaume, kwa sauti ya chini, "Pita. Usihofu sakafu, nitapiga deki kesho. Ingia ule."